Kwenye Mchanga Nashuka

Miaka yote marehemu mume wangu Vedasto alinipakia kwenye keria ya baiskeli kwenda misa, nami nyuma nimetulia kama gunia la mpunga. Alipofariki baiskeli ikabaki, nikaapa nitaiendesha mwenyewe hadi kanisani. Nina wajukuu wenye ndevu.

Penye ardhi ngumu niliweza upesi. Tatizo ni ule mchanga wa kabla ya Kipalapala, kanisa lilipo. Vijana wanaupita wakicheka, nami niliona aibu kushuka mbele yao. Kwa hiyo kila Jumapili nilianguka palepale, nikarudi nyumbani na kitenge kimejaa vumbi, misa sikuiona.

"Shemeji, wewe na huo mchanga mmekosana nini?" aliniuliza Wilbroad, mdogo wake marehemu. "Uzee wote huo, si upande keria yangu?"

"Sijazeeka," nikamjibu. "Nimechelewa kuanza tu."

Jumapili iliyopita nilipoufikia mchanga, nilishuka. Nikaikokota baiskeli taratibu kama mkuu wa wilaya anayekagua gwaride, nikiitikia shikamoo za vijana walionipita. Kumbe kukokota nako ni kwenda! Ng'ambo ya mchanga nikapanda tena, nikafika kanisani mzima, kitenge safi, nikipiga kengele bila sababu yoyote.

Wilbroad alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akaitazama baiskeli ya kaka yake, akacheka hadi akafuta macho.

"Umefika, shemeji! Lakini yale mahubiri marefu ya padri yamekwisha."

"Najua," nikasema, nikiiegemeza baiskeli ukutani. "Ndiyo maana sikukimbia."