Namba Hamsini na Saba

Saa mbili asubuhi binti alikuwa tayari kwenye benchi la ofisi ya vibali vya nyimbo, kashika kikaratasi cha namba kumi na mbili, na dirisha bado limefungwa. Kwa fundi cherehani anakofanya kazi ameomba ruhusa ya siku nzima, na fundi amekubali kwa kununa. Nyumbani, baba amewatangazia majirani tangu jana: saa saba mchana njooni kwangu, binti yangu anaimba redioni.

Ulikuwa wimbo wake wa kwanza. Aliutunga mwenyewe, akaurekodi kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na hakuna aliyemsaidia hata mstari mmoja. Ulimhusu mama yake, aliyekata roho kwenye foleni ya hospitali akiwa na namba hamsini na saba mkononi, dirishani wakiita arobaini na moja. Mtangazaji aliupenda. Ila redioni haupigwi wimbo usio na muhuri wa ofisi hiyo, hata uwe umeimbwa na malaika.

Namba kumi na mbili iliitwa saa nne na nusu. Afisa alisikiliza huku anatikisa kichwa taratibu, wimbo ukaisha, akaurudisha mwanzo. Alimwambia sauti anayo, hilo halina ubishi. Binti akaanza kuona mambo yananyooka.

"Ila hii foleni," afisa akasema, "na hizi namba. Watu watauliza ni hospitali gani."

"Ni mama yangu, mzee. Namba alipewa yeye."

"Pole sana, mwanangu. Lakini hata mpenzi husubiriwa, si ndiyo? Tuseme kituo cha basi. Weka mpenzi, nakugongea sasa hivi."

Alisema kwa upole, kama muuza duka anayekushauri rangi ya kitambaa. Muhuri ulikuwa palepale mezani, mkono wake umeshaushika. Binti alitaka kuchukua karatasi yake ya mashairi aondoke. Kisha akamfikiria baba na majirani zake, akafikiria kwamba wiki ijayo mtangazaji atakuwa na msanii mwingine, na aibu ikamshika kabla hajajibu. Alijibu sawa. Afisa akafuta mistari minne kwa kalamu nyekundu, akaandika mingine mwenyewe, kwa mwandiko mzuri sana, kisha akagonga muhuri.

Studio aliimba upya mistari hiyo kwa dakika ishirini. Dakika ishirini zilitosha kumtoa mama kwenye wimbo.

Aliupeleka wimbo redioni, akafika nyumbani saa saba kasoro. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi, ameketi karibu na redio, na juu ya redio ameweka kile kikaratasi cha hospitali ambacho hajawahi kukitupa. Binti alikiona akakosa pa kutazama. Alitaka kumwambia, lakini sebule ilikuwa imejaa, na mtangazaji alikuwa ameshaanza kumsifia.

Wimbo ulipigwa wote. Majirani walipiga makofi, na mama mmoja akamtania amtaje huyo mpenzi wa kituo cha basi. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliendelea kusikiliza mpaka tangazo la sabuni likapita, akidhani labda kuna kipande kimebaki.

Kisha akazima redio, akachukua kikaratasi, akakikunja kwa mikunjo yake ileile ya zamani.

"Kumbe hata huku hawakumwita," alisema.