Ziada ya Mshono

Bosi wetu ni fundi nguo, na sisi humwita Futi, kwa sababu futikamba haimtoki shingoni hata akienda kununua dawa ya meno. Ana tabia moja ambayo kila mteja anaijua: hakati nguo bila kuacha ziada. Mafundi wengine huacha vidole viwili ndani ya mshono. Yeye huacha vinne, eti binadamu hunenepa bila kutoa taarifa. Mimi ndiye mtia vifungo wake, mwaka wa kumi na moja huu, na humwambia ukweli usoni kwa sababu wenzangu wote ni waoga.

Ugonjwa ulipoingia, Futi alitukusanya akatuambia karakana inafungwa. Sote wanane tutakwenda nyumbani kwa likizo ya lazima, nusu mshahara, na hali ikitulia kila mtu atarudi kwenye kiti chake. "Kila mtu," akarudia, machozi yakimlengalenga. Nilimwamini. Nilimwonea hata huruma.

Likizo ilikwenda miezi mitano. Wiki ya kwanza nilipumzika. Ya pili nilikaza kila kifungo kilichokuwamo nyumbani. Ya tatu nikavikata vyote na kuvitia upya. Mama mkwe wangu alivumilia mpaka siku aliyokuta mto wake wa kulalia una vifungo sita.

"Mwanangu," akasema, "huyo bosi wako akikuita, usingoje hata kuoga. Nenda tu."

Tulicheka wote, lakini mimi nilikuwa na hofu. Ofisi ya mume wangu ilikuwa imefungwa moja kwa moja, na nyumba nzima sasa ilitegemea vifungo vyangu.

Ujumbe wa Futi uliingia Jumamosi. Tufike Jumatatu saa mbili, tuvae barakoa, tusipeane mikono, anayekohoa abaki kwake, na anayecheka asicheke mdomo wazi. Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa mlangoni, na nilikuwa nimeoga.

Futi alisimama pembeni ya ndoo ya maji na sabuni, kipimajoto mkononi. Alinielekezea usoni akiwa ameunyoosha mkono wote na kufumba macho.

"Bosi, fumbua macho, utaupima mlango."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Kazi alikuwa ameifanya, simnyimi haki yake. Madirisha yalikuwa wazi, vitasa vinang'aa, na vyerehani vimepangwa safu moja kando ya ukuta mrefu. Sakafuni alikuwa amechora miraba kwa chaki ya kuwekea alama nguo, na ndani ya kila mraba ameandika kazi ya mwenyewe: kola, mikono, mifuko, zipu na kadhalika. Wenzangu walikuwa wanaingia mmoja mmoja na kukaa mahali pao. Nilitembea nikisoma mpaka nikagonga ukuta wa mwisho. Miraba ilikuwa saba.

"Bosi, wa vifungo uko wapi?"

Alivua miwani, ambayo barakoa ilikuwa imeitia ukungu, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Chumba hakikutosha," akasema. "Mkaguzi wa afya anakuja saa nne, na asiye na mraba haruhusiwi kuwamo. Nimepima mara tatu, nakuapia. Ngoja nyumbani kwanza. Vifungo... kila mtu atatia vyake."

Kila mtu atatia vyake! Kurudishwa nyumbani kuliniuma, lakini hilo ndilo lililonipandisha hasira. Nilimgeukia Shangazi Kola, fundi wetu mkongwe kuliko wote, ambaye kifungo akikitia yeye hudondoka kabla mteja hajamaliza kushukuru.

"Usinitazame mimi," akasema kutoka ndani ya mraba wake. "Mimi nimeambiwa nisisogee."

Sikutaka kulia mbele yao, na nilikuwa karibu. Nikanyoosha mkono. "Nipe futikamba."

"Nimeshapima."

"Nipe, bosi."

Aliivua shingoni, akaipaka dawa ya kuua vijidudu kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaiweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili, kama sheria inavyotaka. Niliinama nikapima kutoka kola hadi mikono. Mita mbili, na juu yake shubiri mbili nzima. Nikapima kutoka mikono hadi mifuko. Vilevile. Nilikwenda hivyo kwa magoti hadi mwisho wa safu, wote wakiniangalia.

"Sheria inasema mita ngapi kati ya mtu na mtu?"

"Mbili."

"Na hizi shubiri mbili ni za nani?"

Futi aliitazama futikamba, akaitazama sakafu. "Hiyo ni... shubiri moja kila upande," akasema polepole. "Ziada ya mshono."

Niliinuka nikapangusa magoti.

"Bosi wangu," nikamwambia, "hapa tunamshona nani na nani?"

Shangazi Kola alicheka mdomo wazi, kinyume kabisa cha ujumbe wa Jumamosi. Wengine wakamfuata. Futi peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa mfukoni bahasha iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea.

"Barua ya kukuachisha kazi," akasema. "Nimeiandika mara nne. Wiki nzima natembea nayo, nashindwa kuituma."

Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, nisijue nianze na lipi.

"Ichane," nikasema, "halafu ushike chaki."

Tulisukuma vyerehani tukitoka jasho ndani ya barakoa. Mkaguzi alipofika, miraba ilikuwa minane. Alipima kila mmoja kwa kifaa chake, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema karakana nyingi alizopita zinapunja, hii ni mita mbili kamili kila mahali. Futi alipokea sifa hizo bila aibu hata kidogo.

Kufikia jioni miguu yetu ilikuwa imeifuta chaki yote. Asubuhi yake nilimkuta Futi amepiga magoti sakafuni, anachora upya. Wangu ulikuwa wa mwisho, karibu na dirisha. Miaka kumi na moja ya kazi hii imenipa jicho, na jicho liliniambia mraba ule si sawa na mingine. Nikapima kwa kiganja. Shubiri moja ya ziada upande huu, na moja upande ule.

"Bosi, umerudia kosa."

"Si kosa. Kilichobaki mwisho wa ukuta nimekuwekea wewe."

"Kwa nini mimi?"

Aliendelea kuchora, hakuinua uso. "Nguo ninayotaka idumu," akasema, "huwa naiachia ziada."

Nilikaa ndani ya mraba wangu, nikachukua sindano, na nikatunga uzi mara tatu ndipo ukaingia.