Wimbo wa Kumuaga Athanas

Mwaka 2011 Milka Kwamboka alikuwa muuguzi mjini Doha, na kila Ijumaa baada ya ibada aligeuka mtunzi wa nyimbo. Walikuwa watatu: yeye, Laban aliyeendesha basi la wafanyakazi, na Loice wa mapokezi hotelini. Walikutana chumbani kwa Loice, Al Sadd, na gitaa lao moja, kila mmoja akileta alichotunga ili wenzake wakichambue. Sheria ilikuwa moja tu: huruhusiwi kusema "ni mzuri" kisha ukanyamaza.

Ijumaa moja Milka alileta wimbo wa kumuaga Athanas, Mtaita aliyekuwa mlinzi mlangoni mwa duka kubwa la pale mtaani. Mkataba wake ulikuwa umeisha, anarudi Wundanyi kwa mkewe, na mwenyewe ndiye aliyeuomba huo wimbo. Milka aliuimba kwa madaha, akipenyeza Kilingala cha kubahatisha, akimfuata Mbilia Bel, mwimbaji wa Kongo ambaye alimsikiliza kwenye kanda za mamake tangu utotoni.

Alipomaliza, Laban aliweka gitaa chini.

"Sauti ni tamu, dada. Lakini Athanas hayumo. Toa jina lake, weka la rafiki yake Benard, wimbo hautashtuka."

Milka alihisi uso ukimwaka. "Na wewe nani alikufunza kuimba?"

"Mama mmoja wa kwaya yetu kule nyumbani, Kimilili. Sauti yake ilikuwa imepasuka kama chungu. Lakini akiimba matangani, hata mpita njia alijua marehemu alipenda nini na alikosana na nani."

Loice alicheka. Milka alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Alinuna siku tatu. Jumanne, alipotoka kazini, alikwenda dukani kununua sabuni, akajikuta amesimama kando ya mlango akimtazama Athanas. Mlinzi huyo aliwasalimu wanawake wa Kifilipino kwa lugha yao. Mzee mmoja wa Kiarabu alimpa fimbo amshikie ili yeye afunge kiatu, kama mtu na mwanawe. Kila alipopata nafasi, Athanas aliinua mguu mmoja akaupumzisha, kisha wa pili.

"Dada, umepoteza kitu?" akamwuliza hatimaye.

"Hapana. Nataka kujua tu. Ukifika nyumbani utafanya nini kwanza?"

Athanas hakufikiri hata kidogo. "Nitaketi. Nitaketi mpaka mke wangu aniambie inuka."

Milka alisahau sabuni. Alifika kwake akiwa tayari ana kiitikio.

Karamu ya kumuaga Athanas ilifanyika Ijumaa iliyofuata, adhuhuri, nyumbani kwa Benard huko Abu Hamour. Milka alimwomba Laban ampigie gitaa, naye akakubali mara moja. Aliimba kwa lafudhi yake ya Kikisii, ingawa mara mbili tatu Kilingala kilimponyoka. Aliimba fimbo ya mzee, akaimba miguu inayopokezana zamu. "Miaka sita umesimama—"

"Saba!" Athanas alipaza sauti. "Saba, dada!"

Watu waliangua kicheko. Milka hakukosa hata pigo moja. Aliirudia saba mara saba, kisha akaingia kwenye kiitikio: *Keti, Athanas, keti, zamu imeisha.* Loice akasukuma kiti katikati ya chumba. Athanas akaketi, na wageni wote, bila kuambiwa, wakainuka wakasimama kumzunguka, wakiitikia. Alijifunika uso kwa kofia. Mabega yake yalitikisika, na hakuna aliyejua kama alikuwa anacheka au analia.

"Tena," alisema alipoitoa kofia.

Waliimba mara tatu, pilau ikapoa. Baadaye, wakila, Laban alimsogelea Milka.

"Ubeti wa pili unaburuta kidogo."

"Najua," Milka akasema, mdomo umejaa, na akampa nafasi kwenye mkeka. "Keti hapa tuurekebishe."