Muswada wa Mkunga wa Ovalau

Titilia alipoacha kazi gazetini, hapo mjini Suva, akaanza kuhariri vitabu vya watu mezani kwake jikoni, wifi yake Mereoni alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ehe! Siku hizi watu wanalipwa kupanga nukta na koma?"

"Nalipwa kujua pa kutoziweka," Titilia alijibu, akaendelea kumenya mihogo.

Alianza na tasnifu za wanafunzi na ripoti za makanisa, kazi za kuokoteza, mpaka shirika moja la vitabu la Melbourne likawa linamletea kazi mfululizo. Hapo hata Mereoni alipunguza kejeli.

Kisha ukaja muswada wa Bibi Ilisapeci, mkunga mstaafu wa kisiwa cha Ovalau. Bibi alikuwa ameandika kama anavyoongea: jambo analisema, analizunguka, analirudia. Mtoto akizaliwa wakati wa kimbunga, kimbunga kinasimuliwa kwanza, mtoto asubiri. Titilia alisoma huku akicheka peke yake, hadi majimbi yakaungua chunguni.

Bronwyn, msimamizi wa kitabu kule Melbourne, akapiga simu.

"Titilia, huyu bibi anajirudia mno. Mnyooshe."

"Makosa nitayatoa yote. Kurudia kwake si kosa. Ndivyo tunavyosimulia huku."

"Wewe kazi yako kusahihisha, siyo kumtetea. Wahariri wapo wengi."

"Basi mpe mwingine. Ila mwambie bibi mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba unamkata ulimi."

Simu ikakatika. Kazi za Melbourne nazo zikakatika. Titilia aliingiwa na hofu, maana ndizo zilizokuwa zikimweka mjini, lakini majuto hakuyaona. Akatafuta namba ya Bibi Ilisapeci kwa watu wa kanisani kwake, akampigia.

"Wewe nani?"

"Ni mimi niliyekuwa nahariri kitabu chako, bibi. Wanataka kukiandika upya, kisisikike kama wewe."

"Ulifika kwenye ule uzazi wa kimbunga?"

"Nilifika. Chakula kikaniungulia."

"Masikini! Ukala nini?"

"Mkate mkavu."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha sauti yake ikabadilika. "Nimezalisha wanawake gizani, maji yakiwa magotini. Hao wataniweza?"

Hawakumweza. Mkataba ulimpa haki ya kukataa mabadiliko, naye alikataa kila ukurasa waliomletea, mpaka shirika likachoka na kumrudishia kitabu chake. Titilia alimaliza kukihariri, kikachapwa Suva, karatasi hafifu, jalada limepinda kidogo, na jina la Titilia ndani kama mhariri.

Melbourne hawakumpigia tena. Titilia akatangaza mtandaoni: *Nahariri vitabu. Natoa makosa, simtoi mwandishi.*

"Kiburi hicho kitakuua kwa njaa," Mereoni alisema.

"Nife nimeshiba heshima."

Wiki hiyo hakuna aliyejibu tangazo. Iliyofuata, mkulima wa miwa kutoka mji wa Ba aliandika kuuliza kama anapokea vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Titilia akamjibu avilete.