Shangazi Shalan na Kiti cha Nyuma

Kwa miaka sita nilikuwa bingwa wa pikipiki asiye na pikipiki, maana kile kiskuta changu cha kuendea kazini sikihesabu. Mtu yeyote pale shuleni akitaka kununua, kuanzia mwalimu mkuu hadi mlinzi wa lango, ilikuwa lazima anipitie mimi. Nilijua uzito wa kila moja, kimo cha kiti chake, mafuta inayokula mlimani na inayokula tambarare. Video zote nilikuwa nimezitazama. Nafundisha jiografia, na wanafunzi wangu wanaweza kukuchorea milima ya Sahyadri wamefumba macho. Mimi mwenyewe sikuwa nimeivuka kwa magurudumu mawili hata mara moja.

Naishi Pune na shangazi yangu Shalan, dada mkubwa wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa. Alikuwa kondakta wa mabasi ya serikali ya jimbo kwa miaka thelathini na mmoja, njia ya Bhor hadi Harihareshwar, kushuka milima mpaka baharini, na mpaka leo akikuomba chumvi mezani anaomba kwa sauti ya kushinda injini. Kazi ile ilimwachia mambo mawili: pensheni na nyonga mbovu. Nyonga ikimuuma hasemi. Anataja vituo vyake kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, Bhor, Hirdoshi, Varandha, kimoja baada ya kingine, mpaka maumivu yashuke. Usipomjua utadhani anasali.

Asubuhi moja ya Septemba, tukiwa tunakula mkate wa mtama na chatne ya kitunguu saumu, akaniuliza:

"Makya, hiyo pikipiki unanunua lini? Au unangoja waache kuzitengeneza?"

Jina langu ni Makarand, lakini kwake sijawahi kufikia urefu huo.

"Bado nafanya utafiti, Shangazi."

"Miaka sita utafiti! Mwenzio angeshakuwa daktari, na ameshaua wagonjwa wawili watatu." Akanisogezea siagi. "Sikiliza. Nusu ya bei naweka mimi. Kiti cha nyuma ni changu. Kila mwaka baada ya sikukuu ya Dasara unanipeleka Harihareshwar, siku zangu kadhaa, halafu uende unakotaka na unayemtaka."

"Lakini si una pasi ya bure ya basi?"

"Basi!" Alicheka mpaka akapaliwa. "Nimeshusha watu kule miaka yote ile. Wanakwenda na ndoo za watoto, wanarudi na mchanga masikioni. Mimi nikifika, robo saa, basi linageuza. Bahari nimeisikia, Makya. Sijaikanyaga. Na basi nimelipanda vya kutosha."

Niliona haya. Miaka thelathini na miwili nakula chakula cha mwanamke huyu, na sikuwahi kumuuliza swali hilo dogo.

Basi nikaleta orodha yangu, ambayo ilikuwa imebaki na majina mawili. Zote mbili ni za kati, si kubwa ya kujionyesha wala ndogo ya kupelekea maziwa, na bei zake mwalimu anaweza kuzitazama bila kuzimia. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, cc mia nne, nyepesi, kali, imeinama mbele kana kwamba imechelewa mahali. Ya pili ilikuwa ya rangi ya majivu, cc mia tatu na hamsini, nzito, umbo lile lile la enzi za babu zetu, na inanguruma polepole kama mtu anayesafisha koo. Hiyo nilikuwa nikiiita pikipiki ya wajomba. Niliiweka kwenye orodha ili ile nyekundu iwe na wa kumshinda.

Tulikwenda dukani Jumamosi ya mwisho kabla ya Dasara. Lilikuwa kosa, maana nusu ya mji wanataka kufika nyumbani na chombo kipya siku hiyo, kikiwa kimevishwa mashada ya maua ya njano. Kila mteja alikuwa anauliza lile swali moja ambalo sisi tunazaliwa nalo: lita moja inakwenda kilomita ngapi? Muuzaji, Bwana Dhamdhere, mtu wa makamo mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni, alikuwa akilijibu bila hata kugeuka.

Shangazi alikuja amevaa sari ya yadi tisa, ile ya kizamani inayopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Nilidhani ni kwa ajili ya sherehe.

"Mama atakaa kiupande," Dhamdhere akaeleza, akielekeza kalamu. "Hapa pa kuweka miguu, na huu wavu wa chuma unazuia sari isinaswe na gurudumu."

"Nani amekwambia nakaa kiupande? Mimi si gunia la vitunguu." Akamtazama juu mpaka chini. "Waya wa klachi ukikatika Mhasla, nani anao?"

"Mama, huduma zetu ziko nchi nzima."

"Nchi nzima ni kubwa, baba. Nimekuuliza Mhasla."

Shangazi akatoa simu kwenye mkunjo wa sari, akaivuta mbali na macho yake, akapiga.

"Pandu! Ni Shalan. Shalan gani tena, una Shalan wangapi? Bado unakunywa? Haya, Mungu akusimamie. Sikiliza, hapo Mhasla nje ya stendi kuna fundi anayezijua hizi pikipiki?" Akazitaja zote mbili, jina na injini. Akasikiliza. Akapiga kwingine. Muuza chai wa Mahad, mkaguzi mstaafu wa Goregaon, mjane mwenye kibanda cha vocha pale Varandha, wote walipokea, wote walitukanwa kidogo kwa mapenzi, wote walijibu. Ndani ya dakika ishirini alikuwa ameizunguka njia nzima akiwa amesimama kwenye kona ya duka.

"Ya majivu," akatangaza, "inafunguliwa kila mahali. Birwadi hata kinyozi anaweka waya wake wa klachi, kwa sababu shemeji yake anayo. Nyekundu ni Mahad peke yake, na spea unaagiza, unangoja siku tatu."

Nilimvulia kofia, nakiri. Video zangu zote zile, na hakuna hata moja iliyopiga simu Birwadi. Mteja mmoja aliyekuwa karibu alitoa kitabu chake akaanza kuandika.

Lakini moyo una ukaidi wake. Nikasema pikipiki mpya haiharibiki mwaka wa kwanza, siku tatu si mwisho wa dunia, na Mahad ni mji mzuri. Mkono wangu ulikuwa juu ya tangi la ile nyekundu, unalipapasa wenyewe. Shangazi aliuona.

"Unaipenda," akasema.

"Ni... kitaalamu ni bora, Shangazi."

"Aha. Kitaalamu." Akachomeka pindo la sari vizuri. "Haya, twende tukakae."

Utaratibu wake ulikuwa huu: kila pikipiki ikiwa juu ya stendi ya kati, mimi mbele, yeye nyuma, dakika arobaini na tano. Alisema kiti cha basi hukijui mpaka upite mlima wa Varandha. Dhamdhere akalalamika kwamba ni Jumamosi, kwamba watu wanataka kupita. Shangazi akamwambia wapite, hatuendi popote.

Tulianza na ya wajomba. Alipanda kwa kutupa mguu ng'ambo ile, amejitanua kama askari wa farasi, na bwana mmoja aliyekuwa akijipiga picha alisahau kubonyeza. Zile dakika arobaini na tano sitazisahau. Aliagiza chai. Alimwambia Dhamdhere kibao chake cha bei kimepinda. Alimzuia mteja asilipe bima mara mbili. Alinipiga mgongoni nikae wima, kwamba ndivyo nilivyopata kibyongo kile shule ya msingi. Mwishoni alisinzia, paji la uso limeegemea bega langu, na watu wakawa wanatuzunguka kwa kunyata. Mimi nilikuwa natazama saa.

Kisha nyekundu. Hapo alitulia, Mungu wangu, alitulia! Hakuna neno wala kofi. Nikashika usukani, nikaziona kona za mlimani, nikajiona mimi. Nilidhani ukimya ule ni raha, na nilimshukuru kimoyomoyo kwa kuniacha niote.

Muda ulipokwisha akasema, "Nzuri. Chukua hii."

"Kweli?"

"Nimesema nzuri. Mwite huyo mwenye kalamu."

Dhamdhere alikuja mbio na karatasi kabla hatujabadili mawazo. Nikashuka, nikachukua kalamu, nikaanza kuandika jina langu. Shangazi alikuwa bado amekaa. Duka lilikuwa na kelele, lakini masikio yangu yamekulia nyumba moja na mwanamke huyu. Nikasikia mnong'ono: "...Birwadi... Mahad... Goregaon..." Nikageuka. Mikono yake ilikuwa imebana ukingo wa kiti mpaka vidole vimepauka, na alikuwa ameshafika Mhasla. Maana yake alianza Bhor zamani.

"Shangazi, shuka."

"Nashuka. Haraka ya nini?"

Hakuweza. Niliunyanyua mguu wake kwa mikono yangu miwili, nikauvusha, nikamkalisha kwenye benchi la wateja. Kile kiti cha nyuma, nilikuwa nimekisoma vipimo vyake mara mia, kilikuwa chembamba kama ubao wa kusukumia chapati, na kimepanda juu, kinamsukuma mtu akunje goti mpaka kifuani. Nilikuwa nakijua kwa tarakimu tu.

"Kwa nini umenidanganya?"

"Nani amedanganya? Kiti ni kizuri. Kina kasoro moja tu, kinataka mtu mwenye nyonga." Alikuwa anajaribu kucheka. Aliposhindwa akanishika mkono. "Makya, nimekuona ulivyoishika. Tangu ukiwa mtoto hujanililia kitu, hata viatu ulikuwa unavaa vilivyokubana ukanyamaza. Ichukue. Nusu yangu ni yako nikipanda nisipopanda. Mimi nina pasi ya basi. Utanipigia picha ya bahari."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, kile kiti, Dhamdhere aliyekuwa anagongagonga kalamu, na nikafungua mdomo nimkaripie. Likatoka jambo ambalo sikuwa nimepanga kumwambia mtu yeyote.

"Shangazi, mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwenda. Kila mwaka napanga safari, na kila mwaka naitafutia pikipiki kasoro ili nisiende. Sijui nitalala wapi. Sijui ikizima mlimani namwita nani. Mimi simjui Pandu wala kinyozi wa Birwadi, nawajua watu wa kwenye video tu. Uliposema kiti cha nyuma ni chako, usiku ule nililala vizuri. Sasa unataka nikupigie picha ya bahari! Bila wewe sitafika hata Bhor."

Duka zima lilikuwa linasikiliza, pamoja na yule wa bima. Mwalimu mzima, miaka arobaini na mmoja, sharubu hizi.

Macho ya Shangazi yalilowa, akayafuta kwa pindo la sari bila kuficha.

"Kumbe," akasema. "Na mimi nilidhani naomba lifti."

Dhamdhere akakohoa. "Kwa hiyo, niandike ipi?"

"Ya wajomba," nikasema.

"Na ule wavu wa sari usiutoe," Shangazi akaongeza, sauti imesharudi kwenye kiwango chake. "Hii ya yadi tisa sivai kila siku. Na kibao chako bado kimepinda."

Siku ya Dasara tuliivisha maua, tukaweka ndimu ya kuzuia kijicho chini ya tairi, pikipiki ikaikanyaga kwa heshima zote, na majirani kumi na wanne wakauliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Wiki iliyofuata tukaondoka alfajiri.

Sasa naomba radhi kwa pikipiki niliyoitukana miaka sita. Ilipanda Varandha na watu wawili, mabegi mawili na sufuria ya Shangazi bila kulalamika. Haikimbii, na haikunikimbiza. Inapiga hatua zake, inakupa nafasi ya kuona korongo na kusikia mtu wa nyuma yako akikwambia nyumba ile ni ya nani na alioa vipi. Kila stendi tulisimamishwa tunywe chai. Birwadi kinyozi alitutolea ule waya ndani ya droo ya nyembe, tuuone kwa macho. Kufikia Mhasla nilikuwa naijua njia kwa majina ya watu, na hofu yangu sijui niliiacha kituo gani.

Tuliingia Harihareshwar saa tisa alasiri. Shangazi hakungoja nizime injini. Aliteremka mwenyewe, akavua ndala, akaziacha mchangani moja huku moja kule, akachechemea moja kwa moja hadi majini. Aliingia mpaka magotini, akasimama ameipa barabara kisogo.

Mwenye kibanda cha chai pale ufukweni aliuliza kama alete chai mbili. Nikamwambia alete. Zikapoa. Akazichukua, akaleta nyingine, nazo zikapoa. Jua lilikuwa limeshuka, mawimbi yanampiga, sari imelowa hadi kiunoni, na yeye hajageuka.

"Bwana, maji yanajaa," mwenye kibanda akasema. "Mwite mama yako."

"Mwache," nikamwambia. "Mama hajamaliza."