Trela ya Filamu Isiyokuwepo

Baba yangu alikuwa na sauti nyingi, na hakutaka hata moja ibaki kwenye simu ya mtu. Mchungaji alipokuja kumrekodi ushuhuda, Baba alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mchungaji, msinizike mdomo kabla ya mwili." Akina mama wa kwaya walipoleta wazo hilohilo, hata chai hawakupewa.

Operesheni ilikuwa imeshapangwa. Madaktari wa Dar es Salaam wangemtoa kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, maana kansa ilikuwa imeweka makazi humo. Baada ya hapo angepumulia tundu la shingoni na asingesema tena. Walimweleza taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyoelezwa kwamba nyumba yake iko ndani ya hifadhi ya barabara. Aliuliza swali moja tu: ataweza kupiga mluzi? Wakasema hapana.

Na huyu ndiye Yesaya, ambaye Tunduma nzima ilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kwa miaka mingi alikuwa na banda la video nyuma ya maegesho ya malori, akitafsiri filamu za kigeni papo hapo, kipaza sauti mkononi. Polisi alikuwa yeye, jambazi yeye, mwanamke anayelia yeye, hata mbwa wa jambazi alikuwa yeye. Madereva waliokwama kwenye foleni ya mpaka walijaa humo, wakacheka mpaka wakasahau kwamba shaba ya watu ilikuwa inawangoja kwenye malori barabarani. Nikiwa mdogo alinikalisha karibu yake na kunifundisha kazi. "Usifuate maandishi ya chini, Tuse, yatakuchelewesha. Tazama midomo."

Mama hakusema neno mbele za watu. Ila siku moja tukichambua maharage jikoni, alisema bila kuniangalia, "Mimi ushuhuda sihitaji. Hotuba sitaki. Nataka aniite tu, kama anavyoniita akirudi. Uninasie hiyo, mwanangu."

Nilijua anasema nini. Tangu nipate akili, Baba akifungua geti husema, "Resti, upo?" Na Mama, hata kama ana povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, huitika, "Abee, nipo." Basi, hakuna jingine. Kuna siku walinuniana mpaka ugali ukalala mezani, lakini getini aliita na akaitikiwa.

Nikaahidi, nikijua kabisa kwamba nikimwomba waziwazi nitafukuzwa kama kwaya. Ndipo chuoni Mwalimu Osea akatupa kazi ya muhula: kila kundi litengeneze trela ya mzaha, tangazo la filamu isiyokuwepo, watu wacheke. Kundi letu tulikuwa watatu. Clever alishika kamera na pia akawa staa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kubandikwa ndevu za katani. Yasmini alileta lori, maana baba yake analo. Mimi niliandika maneno. Filamu tukaiita Foleni, habari za dereva aliyekwama mpakani mpaka akazeeka.

"Tuse, trela bila ile sauti nzito ni harusi bila bwana harusi," Clever alisema. "Dingi wako anakubali?"

Nilimpelekea Baba maneno akiwa kakaa juani, skafu shingoni. Julai ya Tunduma haina huruma na mtu mwenye koo bovu.

"Mnatengeneza trela?" akasema kwa kukwaruza. "Mji mzima umejaa matrela, bado mnaongeza?"

Lakini alisoma. Alipofika kwenye ndevu, mabega yakaanza kumtikisika. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mvua ziishe. Akakubali, na mimi nikajiona mjanja, kwa sababu katikati ya mzaha nilikuwa nimepachika mahali dereva anapiga simu nyumbani, na mstari wake ulikuwa mmoja tu: "Resti, upo?" Mjanja kweli! Mtoto wa juzi anamtegea mtego mtu aliyedanganya ukumbi mzima kwa mdomo wake.

Tulirekodia bandani kwake. Lilikuwa limefungwa tangu watu waanze kuangalia filamu kwenye simu zao, na mabenchi yameegemezwa ukutani. Tukatundika magodoro madirishani kuzuia ngurumo za malori. Baba akavua skafu, akashika kipaza sauti, akawa mtu mwingine.

"Katika mji... ambao ukivuka barabara tu, unarudishiwa saa moja ya maisha yako..."

Yasmini akaziba mdomo asicheke. Ni kweli, saa za Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, lakini hakuna aliyewahi kulisema kwa kutisha namna ile. Kansa ilikuwa imempa mkwaruzo ambao matajiri wa filamu wangeulipia. Nilimchukia Mungu kidogo pale, naomba anisamehe.

"...mtu mmoja... amesubiri... mpaka ndevu zake zimeomba kibali cha kuvuka peke yake... yaani zenyewe. Rudia hiyo, nimekosea."

Alirudia. Kila sentensi ilimgharimu. Alikuwa anakohoa, anakunywa maji ya vuguvugu, anainua kidole kumwambia Clever aendelee. Alifanya sauti ya ofisa wa forodha mwenye usingizi, akafanya ya mama muuza mahindi, akafanya na ya honi. Kisha akafika kwenye simu. Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi.

"Jina hili umelitoa wapi?"

"Ni jina tu la kwenye filamu, Baba."

Akainua kipaza sauti. "Restiii! Upooo?" Ilikuwa sauti ya staa, nene, ya kifua, ya mtu anayeruka kutoka kwenye helikopta. Clever, aliyekuwa bado amebandikwa ndevu, alicheka mpaka zikadondoka.

"Baba, jaribu ya kawaida. Kama nyumbani."

"Bandani hakuna kawaida. Watu wamelipa kiingilio."

"Mara moja tu. Naomba."

Lori lilipita nje, magodoro yakatetemeka. Alipofungua tena kinywa, ilitoka pumzi tu, na baada ya pumzi kikohozi kirefu. Yasmini alikimbilia maji. Baba akaniita kwa kidole, nikainama, akaninong'oneza sikioni.

"Mwambie mama yako ile siyo ya kuwekwa kwenye simu. Ile naisema nikifika nyumbani."

Niliumia, tena nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba ubinafsi wake umezidi, kwamba hiyo sauti si yake peke yake. Badala yake nilikunja nyaya za watu, nikarudi nyumbani nyuma yake. Alifungua geti, na kwa kile kidogo kilichokuwa kimebaki akaita, na Mama akaitika kutoka jikoni. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa.

Wiki iliyofuata Baba na Mama walipanda basi kwenda Dar.

Siku ya kuonyesha kazi zetu ilikuwa ndiyo siku ya operesheni. Nilimwomba Mwalimu tuanze sisi, niutue mzigo huo kichwani. Darasa lilicheka kuanzia ile saa moja ya kurudishiwa mpaka mwisho. Ilipofika "Restiii! Upooo?" watu walipiga meza, na kwa muda mrefu baadaye vijana walikuwa wakiitana hivyo kwenye ngazi za chuo. Skrini ikawa nyeusi, sauti ya Baba ikamalizia, "Foleni... hivi karibuni... Mungu akipenda na forodha ikikubali."

Mwalimu Osea alifuta machozi ya kucheka. "Huyu msimulizi mmempata wapi? Aisee, mtafuteni tena. Mkitengeneza filamu yenyewe, msimwache."

Nikasema sawa, Mwalimu. Kisha nikaenda chooni, nikalia nikiwa nimeuma kofia yangu ya sufu.

Walirudi Agosti. Baba alikuwa amepungua, na kitambaa cheupe kilifunika lile tundu shingoni. Alikuwa amenunuliwa kibao cha plastiki cha kuandika na kufuta, kama cha mtoto wa chekechea, na alikichukia kama mtu anavyomchukia mkwe mlevi. Mama anasoma kwa miwani, na miwani yake haikai mahali pamoja. Mpaka aipate, Baba ameshafuta kwa hasira.

Mama alisubiri mpaka Baba alale mchana ndipo akaniuliza. "Uliinasa?"

Nilimwekea trela, nikijua. Alishika simu kwa mikono miwili na kuisogeza sikioni. Hakucheka popote. Ilipofika mahali pale alifumba macho, na ilipopita akayafumbua, akanirudishia simu.

"Huyo ni dereva," alisema. "Ahsante, mwanangu." Akaendelea na vyombo.

Kilichofuata katika nyumba ile siwezi kukiita ugomvi, maana ugomvi una kelele. Baba alitoka na kuingia. Geti lilifunguliwa na kufungwa na hakuna aliyeita, na Mama akaacha kuinua kichwa. Walikuwa wanapendana, nilijua, lakini walipishana uani kama wageni wa gesti moja. Niliogopa zaidi ya nilivyoiogopa kansa.

Jana jioni nilikuwa nimekaa kizingitini. Mama alikuwa bombani, ameligeuzia geti mgongo, maji yanapiga ndoo. Baba akarudi kutoka matembezini. Nilidhani atapita tu kama siku zote. Alifunga geti, akasimama. Akautazama mgongo wa Mama. Kibao kilikuwa kimening'inia kiunoni kwake, hakukigusa. Midomo yake ikafunguka, ikasema, na hakuna kilichotoka. Mama akasogeza ndoo. Baba akasema tena. Niliiona shingo yake ikijikaza chini ya kitambaa, nikaona anavyoanza kugeukia mlango.

Kwetu mtoto hamtaji mama yake kwa jina. Sijawahi, hata kwa utani, hata akiwa mbali. Nilisimama. Sikuiga sauti yake. Ningeweza, alinifundisha, lakini nilitumia yangu, na nikaisema taratibu, sawasawa na midomo yake.

"Resti, upo?"

Mkono wa Mama ukaganda kwenye bomba. Alipogeuka, hakunitazama mimi wala hakunikemea. Alimtazama yeye, pale getini, ambaye midomo yake ilikuwa bado haijafungika.

"Abee," akasema. "Nipo."