Mbio za Dada wa Kocha Chali

Mwenyekiti wa klabu alikuwa mfamasia, mtu wa maneno machache, na akitoa wazo mara nyingi linakuwa zuri. Safari hii alisema wazazi wapya wamekuwa wengi, wanaleta watoto na kuwaacha majini mikononi mwa watu wasiowajua. Kwa hiyo Jumamosi, baada ya mazoezi, makocha wote watatu wasimame mbele ya wazazi, kila mmoja aeleze alikotoka na aliyoyapitia katika kuogelea.

"Si usaili wa kazi," alisema. "Simulieni tu, watu wawajue."

Kocha mkuu, ambaye watoto walimwita Filimbi kwa sababu hata akitaka kupishwa njiani angepuliza, alicheka na kusema labda wazazi wakimjua watawahamisha watoto. Kocha kijana, Diploma, alianza kunyoosha ukosi wa fulana papo hapo. Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo anayefundisha kuogelea chali, na hata wazazi walimwita Kocha Chali. Aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, kumbe siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Yeye hadithi alikuwa nayo, tena inayopendwa. Tabu ni kwamba haikuwa yake.

Mtu anayeogelea chali haoni anakokwenda. Anaona dari au anaona mbingu. Kwa hiyo juu ya bwawa, karibu na kila ukuta, hufungwa kamba yenye vibendera. Ukiviona vinapita juu ya uso wako unajua ukuta u karibu, unahesabu mikono michache, yaani mizunguko ya mikono, unageuka. Kocha Chali aliwafundisha watoto wasitegemee vibendera peke yake. Aliwataka wahesabu mikono tangu wanapoondoka ukutani, kila siku, mpaka mwili ujue wenyewe. Lilikuwa somo zuri, na Filimbi mwenyewe alikubali kwamba hakuna aliyelifundisha vizuri kuliko yeye.

Lakini miaka kadhaa nyuma palikuwa na binti aliyeogopa kugonga kichwa. Walimwita Bi Swali, kwa sababu haingii majini mpaka ajibiwe. "Na kama bendera hazipo?" aliuliza huku akitetemeka. Kocha Chali alitaka kumwambia habari za dada yake, aliyewahi kuogelea mbio siku ambayo upepo ulikuwa umeangusha bendera. Alifungua mdomo, na badala ya kusema "dada yangu" akasema "mimi". Ilitoka hivyo tu. Bi Swali akamtazama kama anayetazama ngazi iliyoshushwa shimoni. Akaingia majini.

Baada ya hapo hadithi ikaota miguu. Watoto waliiomba kabla ya mashindano, na kila ilipoombwa ilinenepa kidogo. Ndani yake msichana haoni bendera, hatishiki, anahesabu mikono yake, anageuka palepale panapotakiwa, na anagusa ukuta wa mwisho kabla ya wenzake wote.

Ukweli ni kwamba dada yake hakuhesabu. Aliona mbingu tupu, akaingiwa na hofu katikati ya maji, akageuka tumboni kuutafuta ukuta kwa macho. Katika kuogelea chali hilo ni kosa, na mwamuzi akainua mkono kumtoa mashindanoni. Kocha Chali, mdogo mtu, alikuwa kwenye viti vya watazamaji, taulo la dada yake likiwa mapajani. Dada hakushindana tena, na nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa.

Kocha Chali mwenyewe hakuwahi kushindana hata siku moja. Alikuwa mkata tiketi kwenye dirisha la bwawa hilohilo analofundishia sasa. Alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima, asubuhi kabla ya dirisha kufunguliwa, kwa vitabu vya kuazima na kwa kutazama wenzake. Kozi ya ukocha aliifanya na kufaulu. Hapakuwa na la kuonea haya katika hayo yote, ila mtu akishazoea kupewa heshima ya kitu kingine, chake mwenyewe huanza kumtia haya.

Mwaka huo wa mkutano dada yake alihamia mjini. Alikuwa fundi wa miwani, mjane, mwenye binti mmoja mwembamba aliyeitwa Kijiti. Alipomleta Kijiti klabuni, Kocha Chali nusura aseme nafasi zimejaa.

Alhamisi alimfuata dada nyumbani kwake. Alimkuta mezani, fremu ya miwani mkononi, bisibisi ndogo kama sindano.

"Karibu, mdogo wangu. Usikalie kiti hicho, kina macho ya watu."

"Nimepita tu, dada. Jumamosi kuna mkutano klabuni."

"Najua. Mtoto hanipi nafasi ya kusahau."

"Ni hotuba tupu. Mwenyekiti wetu akishika kipaza sauti utadhani anasoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa."

Dada alicheka. "Kwa hiyo nisije?"

"Sijasema usije. Nasema umechoka, ungepumzika."

"Tangu lini unajali kuchoka kwangu? Juzi umeniletea miwani ya majirani zako wote, hata ya yule anayeona vizuri kuliko paka."

Kocha Chali alikuwa bado anacheka pale Kijiti alipochomoka chumbani. "Mama mdogo! Jumamosi utasimulia ile ya bendera?"

"Bendera gani tena?" dada aliuliza.

Basi Kijiti akaisimulia yote kwa pumzi moja, mikono ikizunguka nyuma kama anaogelea pale sebuleni. Upepo, bendera zilizoanguka, mama mdogo anayehesabu bila kutishika. Kocha Chali alitazama sakafu na kuona uzi umelegea kwenye zulia, akaushikilia uzi huo kwa macho kana kwamba ukimponyoka ataanguka.

"Akashinda?" dada aliuliza.

"Kwa mbali, mama!"

Dada alirudisha macho kwenye fremu. Alikaza skrubu polepole, akaijaribu, akaikaza tena. "Haya. Nenda kaoge."

Alimsindikiza mdogo wake mpaka mlangoni, na pale kwenye kizingiti ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kocha Chali alilijua hilo. Maneno yalimjaa kinywani, akayameza moja moja.

"Jumamosi nitakuja," dada alisema, na kufunga mlango taratibu.

Jumamosi wazazi walijaa kwenye ngazi za kukalia, watoto wakakaa chini mbele yao, nywele zikidondosha maji. Filimbi alianza. Alisema alikuwa dereva wa lori la maji, kuogelea alijifunza kwenye bwawa la kumwagilia mashamba, na mtu wa kwanza kumpa mafunzo rasmi alimwambia anaogelea kama anayepigana na shuka. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafuta miwani. Diploma alieleza masomo yake kwa urefu, kisha akanywea kidogo na kukiri kwamba katika mashindano makubwa aliyowahi kushiriki alishika nafasi ya pili kutoka mwisho. "Na yule wa mwisho alikuwa mgonjwa," aliongeza, na wazazi wakampenda hapohapo.

Kumbe mambo yenyewe yalikuwa mepesi hivyo. Kocha Chali alisimama akiwa ameazimia kusema habari za dirisha la tiketi. Alianza vizuri. "Mimi nilianzia pale mlangoni," alisema, na kuonyesha kwa kidole.

"Bendera!" mtoto mmoja akapaza sauti.

"Ben-de-ra! Ben-de-ra!" wengine wakadakia, wakipiga makofi kwa mapigo. Bi Swali, ambaye sasa alikuwa mkubwa kuliko wote pale mbele, ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Wazazi walitabasamu wakingoja.

Juu kabisa, dada yake aliketi na begi la Kijiti miguuni. Hakukunja uso wala hakutabasamu. Alikuwa anasikiliza tu.

Na Kocha Chali akaisimulia. Hata baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Mdomo uliijua njia, ukaenda. Alisikia sauti yake ikishuka mahali pa kushuka na kunyamaza mahali ambapo watoto hushika pumzi. Alipofika kwenye kugusa ukuta, makofi yakalipuka. Alitazama juu. Dada yake naye alikuwa anapiga makofi, bila haraka, kama mgeni mwenye adabu kwenye sherehe ya watu asiowajua. Angemzomea ingekuwa afadhali.

Wakati watu wanateremka kwenda kunywa soda, alimkuta dada karibu na mabomba ya kuogea.

"Dada."

"Umesimulia vizuri. Mahali pale pa kuhesabu, hata mimi nilishika pumzi."

"Dada, nisamehe. Ilianza kwa neno moja, halafu..."

"Sijakasirika kama ulivyofikiri," dada alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na hakuwa anamtazama. "Ila kuna jambo. Sijawahi kumwambia mwanangu kwamba niliogelea. Nilikuwa nasubiri apate siku mbaya majini, alie, ndipo nimwambie. Nilikuwa nimemwekea. Sasa nikimwambia ataona namwigiza mama yake mdogo."

Kocha Chali alikuwa amejiona mwongo siku nyingi, na uongo alikuwa ameuzoea. Kwamba alikuwa amechukua kitu mikononi mwa mtoto, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Nifanye nini?"

"Usiniulize mimi. Wewe ndiye kocha."

Alirudi kwenye ukingo wa bwawa, akachukua kipaza sauti mezani. Kilipiga ukelele na watu wakageuka na chupa zao mikononi. Mwenyekiti alimtupia jicho la kuuliza. Yeye akatazama watoto.

"Ile hadithi si yangu," alisema. "Sijawahi kushindana. Sijawahi hata kupanda kile kijukwaa cha kuanzia mbio siku ya mashindano. Mbio zile aliogelea mtu mwingine, nami nilikuwa nimekaa kwenye viti. Tena hakushinda. Aliogopa akageuka tumboni, na mwamuzi akamtoa. Hiyo ya kushinda niliiweka mimi. Nimewadanganya, ninyi na wazazi wenu na makocha wenzangu."

Mtoto mmoja alicheka akidhani ni mzaha, akanyamaza peke yake. Filimbi aliishika filimbi yake shingoni na kuitazama kana kwamba imeharibika.

Bi Swali alisimama. "Kwa hiyo hujui kama inafanya kazi? Kuhesabu. Mimi nimehesabu miaka yote hii, na wewe hujui?"

"Nimeona kwenu..." Kocha Chali alianza, lakini jibu lilikuwa dogo kuliko swali, na alilijua.

"Inafanya kazi," sauti ilisema nyuma.

Watu walipisha. Dada yake alikuwa amesimama na begi begani. "Yule aliyetolewa hakuwa anahesabu. Alikuwa anatazama bendera tu. Angehesabu asingetolewa."

"Umejuaje, mama?" Kijiti aliuliza.

"Kwa sababu nilikuwa mimi."

Kijiti alimtazama mama yake, akamtazama mama mdogo, akarudi kwa mama. Kisha akaenda akamshika mkono, na wakatoka pamoja langoni. Kocha Chali aliwaona wakisimama nje ya uzio, mama akiongea, mtoto akimtazama kutoka chini, kwa muda mrefu. Hakuwakaribia. Hapakuwa na nafasi yake pale, na aliyeiziba ni yeye mwenyewe.

Mwenyekiti alimwambia watazungumza wiki ijayo, basi, akaenda kukusanya chupa. Filimbi alibaki.

"Nimewaambia wazazi wangapi kwamba nina bingwa hapa?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Mimi nilikuchukua dirishani kwa sababu ulikuwa unaona makosa ya watoto kuliko mimi niliyekuwa majini nao. Bingwa sikuwa namtafuta."

"Najua."

"Hukujua. Ungejua usingefanya." Alipangusa uso kwa kiganja. "Jumatatu uje. Mimi nikilala chali nazama kama shoka, nani atawafundisha?"

Jumatatu alikuja. Watoto walikuwa tayari majini, na walipomwona kelele zilipungua. Hakuna aliyemkosea adabu. Walifanya kila alichosema, upesi, bila utani, kama wanavyomfanyia mwalimu wa zamu. Bi Swali aliogelea vizuri kuliko siku zote na hakumtazama hata mara moja.

Katikati ya mazoezi Kijiti aliogelea hadi ukingoni, akashika ukuta. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amenisimulia yote. Hata alivyolia kwenye chumba cha kubadilishia nguo." Alivuta miwani ya maji hadi kwenye paji la uso. "Nataka kuhamia kundi la Kocha Filimbi. Si kwa ubaya. Mama hajaniambia nihame, nimeamua mwenyewe."

Kocha Chali alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba kwa Filimbi hakuna anayefundisha chali. Kwamba mikono yake ndiyo kwanza imeanza kunyooka. Yote yalikuwa kweli, na safari hii hata ukweli aliona haya kuutumia.

"Sawa, mama," alisema. "Nenda."

Alichuchumaa ukingoni, akaiinua ile kamba ya plastiki inayotenga njia na njia, akaishikilia juu mpaka mtoto akapita chini yake kwenda upande wa Filimbi.